Mzazi Atendavyo: Jinsi Mtoto Anavyojifunza Kanuni za Jamii

Kanuni za jamii ni matarajio ambayo watu wa mahali fulani wanayo juu ya namna mtu anavyopaswa kuenenda, bila kuwapo sheria iliyoandikwa wala askari wa kuisimamia. Miongoni mwake ni kumwamkia mkubwa shikamoo na kupokea marahaba, kula kwa mkono wa kulia na kutovuka upande wako wa sinia, kupokea kitu kwa mikono miwili, kumpisha mzee kiti ndani ya daladala, kubisha hodi na kungoja kuitikiwa kabla ya kuvuka kizingiti. Hakuna mtoto anayezaliwa akizijua, na ni chache anazofundishwa kwa kukalishwa chini. Hata hivyo, afikapo umri wa kuanza darasa la kwanza ameshazijua nyingi mno, zikiwemo baadhi ambazo wazazi wake wenyewe wangeshindwa kuzitaja wakiulizwa. Sehemu kubwa ya ujuzi huo ameuokota kwa kutazama.

Kila kanuni ina pande mbili. Upande mmoja ni kile ambacho watu husema kinastahili kufanywa, na upande wa pili ni kile wanachokifanya kweli. Mwanasaikolojia wa Marekani Robert Cialdini na wenzake walionyesha mwaka 1990, kwa kuchunguza utupaji wa taka hadharani, kwamba pande hizi huongoza matendo kila mmoja kwa njia yake. Mahali palipokwisha kuchafuliwa watu hutupa taka zaidi, ijapokuwa wote wanajua kwamba kutupa ovyo hakufai. Nyumbani, upande wa kwanza hubebwa na ulimi wa mzazi, wa pili hubebwa na mwenendo wake. Mtoto hupokea yote mawili. Tena hachukui moja akaacha jingine, bali hujifunza pia umbali uliopo kati yake, na hapo ndipo penye uzito wa suala hili.

Kutazama huanza mapema kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1985, James Sorce na wenzake waliwaweka watoto wa miezi 12 juu ya meza ya kioo iliyotengenezwa hivi kwamba, katikati, ilionekana kama sakafu imeshuka kidogo. Upande wa pili alikaa mama. Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonyesha uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Hakuna neno lililosemwa. Mtoto asiye na uhakika humtazama mzazi usoni apate jibu la swali ambalo hawezi bado kuliuliza, na maswali hayo hayaishii kwenye meza za kioo. Huhusu mbwa wa jirani, mgeni aliyesimama mlangoni, mtu mwenye ulemavu anayepita njiani, mama wa nyumba ya pili ambaye dini yake ni nyingine. Mzazi anayeukaza mkono wa mtoto ghafla anapopishana na mtu wa namna fulani amekwisha kutoa somo, na pengine mwenyewe hana habari.

Baada ya kusoma uso huja kuiga, na kuiga kwa mtoto kuna akili ndani yake. Mwaka 2002 György Gergely, Harold Bekkering na Ildikó Király waliwaonyesha watoto wa miezi 14 mtu mzima akiwasha taa kwa kuibonyeza kwa kipaji cha uso. Kundi moja lilimwona amejitanda blanketi, mikono yake ikiwa imelishikilia. Kundi jingine lilimwona mikono ikiwa huru juu ya meza. Kati ya waliomwona na mikono huru, asilimia 69 walitumia kichwa kama yeye. Kati ya waliomwona amebanwa na blanketi, waliofanya hivyo walikuwa asilimia 21 tu. Mtoto ambaye hajaweza hata kuunga sentensi alikuwa anapima: huyu angeweza kutumia mkono, lakini amechagua kichwa, basi lazima pana sababu. Kinachoigwa zaidi ni kile kinachoonekana kuwa hiari ya mkubwa.

Jaribio jingine linalofaa kukumbukwa Afrika Mashariki lilifanyika kwa sehemu katika hifadhi ya sokwe ya kisiwa cha Ngamba, Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Victoria Horner na Andrew Whiten, waliochapisha matokeo yao mwaka 2005, waliwaonyesha sokwe wadogo jinsi ya kutoa chakula ndani ya kisanduku kwa kutumia kijiti. Baadhi ya hatua zilikuwa za lazima, nyingine hazikuwa na kazi yoyote. Kisanduku kilipokuwa cheusi, kisichoonyesha ndani, sokwe walifuata hatua zote. Kilipokuwa cha kuonyesha ndani, waliona kwamba hatua fulani hazifikishi popote, wakaziacha na kwenda moja kwa moja kwenye chakula. Watoto wa binadamu wa miaka 3 hadi 4 waliopewa kazi hiyohiyo waliendelea kufuata kila hatua, hata zile ambazo macho yao yaliona wazi kuwa ni bure. Mark Nielsen na Keyan Tomaselli walipolirudia swali hili mwaka 2010 kwa watoto wa jamii za Wasani wa Kalahari, ambako malezi ni tofauti sana na ya miji ya nchi tajiri, walikuta tabia ileile.

Kwa haraka mtu angesema sokwe wamewashinda watoto akili. La, watoto wanafanya kazi nyingine. Sokwe anatafuta chakula. Mtoto anatafuta jinsi watu wa kwao wanavyokula. Mambo mengi ya kijamii hayana sababu inayoonekana ndani ya kisanduku. Hakuna maumbile yanayodai kwamba salamu itangulie shida iliyomleta mtu, au kwamba mgeni aletewe maji kabla ya kuulizwa safari. Kiumbe ambaye angeiga tu yale yenye faida iliyo dhahiri asingejifunza utamaduni wowote. Wepesi huohuo wa kufuata bila kudai sababu ndio unaomfanya mtoto apokee pia yasiyofaa.

Na hakawii kuyageuza kuwa sheria. Hannes Rakoczy, Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha mwaka 2008 kwamba watoto wa miaka 3 waliofundishwa mchezo mpya hulalamika kikaragosi kinapoucheza kwa namna nyingine, nao hukieleza kwamba hauchezwi hivyo. Mwaka 2016 Marco Schmidt na wenzake wakaenda mbele zaidi: kwa watoto wa umri huo, kumwona mtu mzima akifanya jambo mara moja tu, bila kuambiwa kwamba ni mchezo wala somo, kulitosha kuwafanya wadhani kwamba ndivyo inavyopasa. Kwa hiyo mzazi anayesema "nilifanya siku moja tu" anatumia hesabu ambayo mtoto haitumii. Kwake yeye siku hiyo moja yaweza kuwa ndiyo ushahidi wote alio nao.

Utafiti uliofungua njia ya fikra hizi ni ule wa Albert Bandura, Dorothea Ross na Sheila Ross wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliochapishwa mwaka 1961. Watoto 72 wa shule ya awali waligawanywa: wengine walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa hewa aitwaye Bobo, akimgonga kwa nyundo na kumtolea maneno, wengine walimwona mtu mzima akicheza kwa utulivu, wengine hawakuona kitu. Walioshuhudia ukali waliurudia, wengi wakiiga hata maneno na mapigo yenyewe. Miaka 4 baadaye Bandura aliongeza jambo ambalo husahaulika katika simulizi za utafiti wake. Aliwaonyesha watoto filamu ya aina hiyo yenye miisho mitatu: mkali anasifiwa, mkali anakaripiwa, au hakuna linalotokea. Waliomwona akikaripiwa walimwiga kwa kiasi kidogo kuliko wengine. Lakini watoto wote walipoahidiwa zawadi kwa kila tendo wanalolikumbuka, tofauti ile ikafutika. Wote walikuwa wamejifunza. Baadhi walikuwa wamenyamaza tu. Jambo aliloliona mtoto kwa mzazi laweza kukaa kimya miaka mingi, likatoka siku ambayo hali italiruhusu. Ikumbukwe pia kwamba watu wazima wa Stanford walikuwa wageni kwa watoto wale, walioonekana kwa dakika chache. Mzazi huonekana kila siku, tena ndiye mwenye chakula, ulinzi na upendo.

Je, maneno hayana nguvu? Yanayo, ila kazi yake ni nyingine. James Bryan na Nancy Walbek walichapisha mwaka 1970 majaribio ambayo watoto wa shule ya msingi walicheza mchezo wa kushinda zawadi, huku wakiwa na nafasi ya kutoa sehemu ya ushindi kwa watoto maskini. Kabla yao alicheza mtu mwingine. Huyo aliweza kuhubiri ukarimu na kutoa, kuhubiri ukarimu na kujizuia, kusifu uchoyo na kutoa, au kusifu uchoyo na kujizuia. Utoaji wa watoto ulifuata matendo ya mtu huyo. Mahubiri yake yalionekana mahali pengine: watoto walipoombwa kumwambia mwenzao anayefuata namna ya kucheza, walimhubiria kama walivyohubiriwa. Mtoto aliyelelewa na mhubiri mchoyo, basi, huondoka na urithi wa aina mbili: mkono uliofumba na ulimi unaosifu sadaka. Watu wazima wengi ambao hulaani rushwa kwa uchungu wa kweli asubuhi na kuitoa jioni hawaoni kwamba wanajipinga, na haielekei kuwa wote ni wanafiki. Wamejifunza kanuni mbili kwa pamoja, ya kusemwa na ya kutendwa, kila moja na mahali pake.

Maisha ya nyumbani yamejaa nafasi za somo hili. Mtu anayedai deni anabisha, baba anamnong'oneza mtoto akamwambie hayupo. Mama anamshusha mtoto miaka miwili ili asilipiwe nauli. Gari linasimamishwa na askari wa barabarani, noti inakunjwa ndani ya leseni, safari inaendelea bila mtu kuzungumza lolote. Mtoto yuko kiti cha nyuma. Mara nyingine ndiye mtendaji mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyetumwa mlangoni kusema uongo, na kesho yake huchapwa kwa kuficha daftari lenye alama mbaya. Kwake kosa la kusema uongo limeshabadilika sura: ubaya hauko katika uongo, uko katika kumwambia uongo mwenye nguvu kuliko wewe.

Chelsea Hays na Leslie Carver wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walilichunguza hili mwaka 2014 kwa watoto 186 wa miaka 3 hadi 7. Nusu yao waliitwa chumbani kwa kuahidiwa pipi ambazo hazikuwapo, kisha wakaambiwa wazi kwamba ilikuwa njama ya kuwaleta. Baadaye kila mtoto aliachwa peke yake na kitu alichokatazwa kukichungulia. Miongoni mwa watoto waliofika umri wa shule, waliodanganywa walichungulia zaidi, na waliochungulia walidanganya zaidi walipoulizwa. Kwa wadogo wa shule ya awali tofauti hiyo haikuonekana. Hapa pana jambo la umri: mtoto mdogo huiga tendo, mtoto mkubwa kidogo huanza kupima tabia ya mtendaji na kuamua anachomdai na anachodaiwa naye. Kupoteza uaminifu mbele ya mtoto wa miaka 7 ni hasara ya kweli, hata kama ameinyamazia.

Masomo yenye kina zaidi ni yale ambayo mzazi hatambui kuwa ameyatoa, na mengi huhusu daraja za watu: nani ni mtu wa kuheshimiwa, nani wa kuvumiliwa, nani asiyeonekana kabisa. Karibu kila familia humwambia mtoto aheshimu wakubwa. Lakini dada wa kazi mwenye miaka 30 huitwa kwa jina tupu na mtoto wa miaka 5, na hakuna anayemkemea. Bosi wa baba akija nyumbani mtoto husukumwa mgongoni ampe shikamoo; mlinzi wa getini, aliye na umri wa babu yake, hupitwa kama nguzo. Kondakta, muuza mboga, mbeba mizigo wa sokoni, kila mmoja husemeshwa kwa sauti yake, na mtoto huzipanga sauti hizo kwa uangalifu mkubwa. Anachokijenga kichwani ni kanuni iliyo kinyume na ile aliyotamkiwa: heshima haifuati umri, inafuata uwezo wa mtu kukunufaisha au kukudhuru. Mzazi akitaka kujua anachofundisha hasa, na ajichunguze anavyowatendea wasioweza kumfanya lolote, maana hapo ndipo asipolazimishwa na mtu, na mtoto, kama alivyokuwa yule wa taa na blanketi, huitazama zaidi hiari.

Luigi Castelli wa Italia na wenzake walionyesha mwaka 2008 jinsi jambo hili linavyofanya kazi katika ubaguzi wa rangi. Watoto weupe wa miaka ya shule ya awali walitazama mkanda wa video wa mtu mweupe akikutana na mtu mweusi. Maneno yake yaliweza kuwa ya kirafiki au ya kawaida tu. Mwili wake uliweza kuwa mtulivu, wenye kusogea karibu na kutazama machoni, au wenye wasiwasi na kujitenga. Mwelekeo wa watoto kwa mtu mweusi ulifuata mwili, si maneno. Utafiti uliofuata wa mwaka 2009 ulikuta kwamba mitazamo ya watoto ilihusiana zaidi na hisia za ndani za mama zao, zile zinazopimwa bila mtu kuulizwa, kuliko na maoni ambayo mama hao waliyatamka. Mahali pa rangi weka kabila, dini, au jirani anayetoka upande mwingine wa mpaka, na hakuna sababu ya kudhani kwamba macho ya mtoto hufanya kazi tofauti.

Kanuni za jinsia hupita njia hiyohiyo. Katika nyumba nyingi za ukanda huu, firigisi ya kuku huwa ya baba, na hakuna anayehitaji kulieleza. Mtoto huiona ikihama kutoka sufuriani hadi sahani moja, wiki baada ya wiki. Mvulana huona ni nani anayeinuka mgeni akifika na ni nani anayebaki amekaa. Mwaka 2014 Alyssa Croft na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto 326 wa miaka 7 hadi 13 na wazazi wao katika jiji la Vancouver, Kanada. Mabinti ambao baba zao walishiriki kazi za nyumbani kwa usawa zaidi walitamani kazi za aina nyingi zaidi, zikiwemo zile zisizohesabiwa kuwa za kike. Baba aliyetamka imani ya usawa lakini akabaki kitini hakuleta matokeo hayohayo.

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Carol Ember alikaa katika jamii ya Waluo, eneo la Oyugis, ambako kaya kadhaa hazikuwa na binti wa umri wa kusaidia, hivyo mama akawapa wavulana kazi ambazo kwa desturi ni za wasichana. Alikuta kwamba wavulana hao, hata walipokuwa mbali na kazi zenyewe, hawakuwa wagomvi wala wapenda kuamrisha kama wavulana wengine. Kazi za ndani, kama kulea mtoto mchanga na kupika, ziliacha alama zaidi kuliko zile za nje kama kuteka maji. Mama hawa hawakuwa wameanzisha kampeni yoyote. Walikuwa na kazi nyingi na mikono michache, basi walitoa kazi, na kazi ikamfundisha mtoto kutazama haja ya mwingine.

Matokeo ya Ember yanalingana na uchunguzi mkubwa ulioongozwa na Beatrice Whiting na John Whiting juu ya watoto wa jamii sita za dunia, ambao kitabu chake cha jumla kilitoka mwaka 1975. Jamii mojawapo ilikuwa Nyansongo, katika nchi ya Wakisii. Watoto wa Nyansongo, pamoja na wale wa Juxtlahuaca nchini Mexico na Tarong nchini Ufilipino, walionyesha zaidi tabia ya kusaidia na kubeba dhamana kuliko wale wa Orchard Town nchini Marekani, waliokuwa wepesi zaidi wa kudai msaada na uangalizi. Watafiti hao wawili waliihusisha tofauti hiyo na mzigo wa mama: mama anayelima humhitaji kweli mtoto wa miaka 6 amshike mdogo wake, na mtoto hujua kwamba anahitajiwa. Mwenendo wa mzazi, basi, ni pamoja na nafasi anayompa mtoto ya kutenda. Familia za mjini ambazo zimemwondolea mtoto kila kazi ili asome zimemnyima darasa moja kubwa bila kukusudia, na shule hailirudishi.

Kuhusu adhabu, picha ni nzito. Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa Tanzania mwaka 2009, na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wa wanaopiga hupiga kwa nia ya kufundisha kanuni. Mtoto hupata kanuni mbili: ile iliyotajwa, kwa mfano kutompiga mdogo wako, na ile iliyotendwa, kwamba mwenye nguvu akikasirika anaweza kumpiga asiye nazo. Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walipokusanya mwaka 2016 tafiti 75 zenye watoto zaidi ya 160,000, walikuta kupigwa makofi kukiandamana na uchokozi zaidi na matatizo zaidi ya tabia, wala si na utii wa muda mrefu. Tafiti za aina hiyo haziwezi kutenganisha kikamilifu kisababishi na matokeo, kwa kuwa mtoto msumbufu naye hupigwa zaidi. Hata hivyo Grazyna Kochanska wa Chuo Kikuu cha Iowa, aliyewafuatilia watoto kwa miaka, alitenganisha utii wa aina mbili: wa mtoto anayetii maadamu mzazi yupo, na wa mtoto aliyeifanya kanuni kuwa yake, akaishika hata akiwa peke yake. Aina hii ya pili alikuta imeota zaidi katika uhusiano wa kusikilizana. Fimbo ina uwezo wa kuleta ile ya kwanza, nayo huisha mzazi akifunga mlango.

Kwa hiyo kinachohitajika ni mtoto kuelewa kanuni na kuikubali. Joan Grusec na Jacqueline Goodnow waliliweka hivyo mwaka 1994: kwanza aupate ujumbe sawasawa, kisha auridhie. Hapa maneno hupata kazi yao halali. Martin Hoffman alikwisha kuonyesha kwamba kumweleza mtoto jinsi tendo lake lilivyomuumiza mwingine humjenga dhamiri kuliko vitisho au kumnunia. Tendo peke yake haliji na maelezo: mtoto anayemwona mama akimpunguzia bei mteja mmoja na kumkatalia mwingine hajui kama ni huruma au upendeleo mpaka aambiwe. Utamaduni wa Waswahili unalijua jambo hili vizuri. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa maagizo juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa. Maagizo hayo yaliandikwa kwa binti aliyekwisha kumwona mama yake akiishi, nayo yalikuja juu ya msingi huo, yakiyapa majina na sababu mambo yaliyokwisha kuonekana.

Mzazi hukosea, na namna anavyolishughulikia kosa lake ni sehemu ya mwenendo unaofundisha. Edward Tronick, anayejulikana kwa jaribio la mwaka 1978 la mama anayeukausha uso mbele ya mtoto wake mchanga, alionyesha katika kazi zake za baadaye kwamba hata katika uhusiano mwema mama na mtoto hupishana mara kwa mara, na kwamba kinachomjenga mtoto ni kurudiana. Desturi ya wengi husema mkubwa haombi radhi kwa mdogo, kwamba ataondokewa na heshima yake. Ni desturi inayostahili kuachwa. Mtoto asiyewahi kusikia "nimekosea, nisamehe" kutoka kwa baba yake hana mahali pa kujifunzia kwamba kanuni humfunga pia aliyeiweka, na kanuni isiyomfunga mwenye nguvu machoni pake ni amri tu, ya kutiiwa mpaka siku atakapokuwa na nguvu zake mwenyewe.

Haya yote yana mpaka. Mwaka 1998 Judith Rich Harris alichapisha kitabu kilichodai kwamba nguvu ya wazazi imekuzwa kupita kiasi, na kwamba watoto hujengwa zaidi na kundi la rika na urithi wa damu. Hoja yake yenye nguvu ilikuwa lugha: mtoto wa wahamiaji huzungumza kwa lafudhi ya wenzake wa mtaani, si ya mama yake. Nairobi inaijua hali hiyo, kwa kuwa Sheng, lugha ya vijana wa mtaani, haikufundishwa na mzazi yeyote. Hoja hiyo ni ya kweli kwa mambo ambayo mtoto huyatumia hasa mbele ya wenzake, kama usemi, mavazi na mitindo. Haiwi na nguvu hiyohiyo kwa mambo yanayotendwa ndani ya nyumba, kama mume na mke wanavyosemezana, ugonjwa unavyouguzwa, fedha zinavyogawanywa au mzee anavyotunzwa, kwa sababu rika haliyaonyeshi.

Tena katika Afrika Mashariki "mzazi" ni zaidi ya watu wawili. Kaka na dada wakubwa hulea, bibi na babu hutaniana na wajukuu juu ya mambo ambayo baba hawezi kuyagusa, shangazi na mjomba wana sauti, na pale ambapo jando na unyago vimebaki, somo na kungwi humfunza kijana yale ambayo haya humzuia mama yake kuyataja. Wingi huo humpa mtoto mifano ya kulinganisha, hivyo upungufu wa mmoja haumalizi malezi yote. Familia ikihamia mbali, tuseme Minneapolis au London, wingi huo hukatika. Mtoto huko humsikia mama akiamkia wakubwa kwenye simu tu, na desturi ambayo Tanga ingebebwa na mtaa mzima hubaki kwenye mabega ya mtu mmoja au wawili.

Hata rika lenyewe halimfikii mtoto bila mkono wa mzazi. Mzazi ndiye aliyechagua, kwa kadiri ya uwezo wake, mtaa, shule, madrasa au kanisa, na ndiye anayeamua ni watoto gani wanakaribishwa kula na ni wepi wanaishia barazani. Mtoto wa jirani maskini anapofika saa ya chakula, na sahani ikaongezwa au chakula kikafunikwa mpaka aondoke, mwenye nyumba amempangia mwanawe marafiki na wakati huohuo amemwonyesha kipimo cha kuwachagulia wengine atakaokutana nao.